Bloki ya Raum

Ya zamani tumeshaing'oa. Imelala juu ya tairi kuukuu
uani kwa Ngowa, Kisauni, pistoni zimo bado.
Tobo la tatu lina ufa, mwembamba kama unywele;
ndio uliotia maji kwenye oili miezi saba
hata kijiti cha kupimia kikatoka na chai ya maziwa.

Starlet, turbo, ya mwaka wa tisini na mbili.
Baba aliinunua mnadani, Kilindini, haina redio,
akaipendea ule mluzi wake kabla ya gia ya tatu.

Bloki mpya si mpya. Imetoka kwa Raum
iliyokunjwa na lori la saruji karibu na Mtwapa.
Aliyekuwa akiiendesha yu hai, niliuliza;
sikutaka kununua chuma cha marehemu.
Elfu moja mia tano. Ngowa akapima kwa vernia,
akanipa nisome mwenyewe: upana wa tobo ni ule ule,
sabini na nne, haukuzidi hata unyoya.
Kilichozidi ni kimo.
"Pistoni itashuka ndani zaidi kabla ya kurudi.
Pumzi ndefu, Zaitun. Lakini usiilishe upepo mwingi."

Kichwa cha zamani kikaketi juu ya kiwiliwili kigeni,
boliti kumi zikapata matundu yake bila ugomvi,
nami nikadhani kazi imekwisha,
kumbe ndiyo kwanza inapiga hodi.
Kwa kile kimo kila kitu kimepanda:
mkanda wa taimini haufiki,
bomba la eksosi limesimama hewani
likimkosa mwenzake kwa upana wa kidole gumba.
Siku nne kwa Taherali, fundi wa leti, Shimanzi,
anayekata chuma huku akitafuna tambuu
na hataki kuulizwa lini.

Halafu shimo.
Bloki hii haikuzaliwa na turbo; oili inayoteremka
haina mlango wa kuingilia. Mahali pake papo,
pametiwa alama kiwandani, pamezibwa,
kama sikio la mtoto ambaye bado hajatogwa.
Ngowa akapaka grisi kwenye keekee
ili chenga za chuma zigande, zisianguke ndani.
Mimi nilishika tochi. Mkono uliotetemeka ni wangu, wake la.
Kutoboa kibovu si kitu. Hiki kilikuwa kizima.
"Kipya kinyemi," akasema, nusu ya pili akaiacha
ining'inie pale pale, katika harufu ya chuma moto.

Iliwaka Jumatano, saa kumi na moja alfajiri.
Mara ya kwanza ikapiga chafya,
mara ya pili ikamwamsha jirani, akatutukania mama zetu,
mara ya tatu ikakaa.
Nikaenda Nyali, nikalivuka daraja kama aliyebeba mayai.
Kilomita mia tano za mwanzo hakuna kukanyaga, niliapishwa.
Pale daraja linapopanda, nilikanyaga. Kidogo.
Mluzi ukaja mapema, kwenye gia ya pili, mzito,
kama mvulana aliyerudi likizo kutoka bweni
na sauti asiyoijua mwenyewe.

Baba yuko Tudor. Masikio yake aliyaacha bandarini,
miaka thelathini ya winchi, kwa hiyo hakusikia kitu.
Alikuja na kikoi, akaweka kiganja juu ya boneti
injini ikinguruma, akakiacha hapo
mpaka nikaogopa ataungua.
"Umeibadilisha."
Kichwa ni kile kile, nikampigia kelele sikioni. Kichwa ni kile kile, Baba!
"Kichwa," akasema, "hakikuwa na makosa."

Kadi ya gari bado ina jina lake,
na elfu moja mia tatu thelathini na moja,
na namba ya injini iliyolala juu ya tairi.
Mwezi ujao nitapanga foleni nibadilishe. Au ule mwingine.
Ngowa ataka kuiuza ile kwa kilo; nimemwambia asubiri.
Jana mvua ilinyesha Kisauni usiku kucha.
Matobo matatu yamejaa maji hadi ukingoni.
La tatu halishiki.